Namna ya kupata kipimo cha bure wakati wa mlipuko: mwongozo kwa wakazi wa Mwanza na visiwani

Wakazi wengi wa Mwanza hurudi nyumbani bila kipimo wakati wa mlipuko wa ugonjwa, ilhali kipimo kilikuwepo na hakikuwa na malipo. Nimewasindikiza majirani kadhaa vituoni, na karibu kila mara kosa limekuwa lile lile. Mtu anakwenda moja kwa moja hospitali kubwa, anasema "nina homa", anafungua faili kwa fedha yake, anapimwa malaria, anaambiwa hana malaria, kisha anarudi nyumbani na ugonjwa wake na mashaka yake. Hakuna aliyemdanganya. Aliomba huduma ya mgonjwa wa kawaida, akapewa huduma ya mgonjwa wa kawaida.

Maelezo haya yanamhusu mtu mwenye dalili, au aliyetangamana na mgonjwa, katika kipindi ambacho umetangazwa mlipuko wa ugonjwa kama vile kipindupindu, Uviko-19, mpox (homa ya nyani, yenye vipele) au Marburg (homa kali ya virusi inayoweza kumtoa mtu damu). Magonjwa haya hayako mbali nasi. Marburg ilithibitishwa Bukoba Machi 2023 na Biharamulo Januari 2025, mpox ilithibitishwa nchini Machi 2025, na abiria wa Kagera wanaingia Mwanza kwa meli na kwa basi.

## Kabla ya yote: mgonjwa anayeharisha maji

Ikiwa mgonjwa wako anaharisha maji mfululizo, mpe maji ya kunywa yenye chumvichumvi kwanza, ndipo uendelee kusoma. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache kwa kukausha maji mwilini, na hakuna kipimo kinachopaswa kumchelewesha mtu kunywa.

Changanya pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe. Usipokuwa na pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, weka vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, kisha koroga mpaka viyeyuke. Angalia chupa unayopimia, kwa sababu chupa kubwa za maji ya dukani nyingi ni za lita moja na nusu. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, na maji yaliyokaa zaidi ya saa 24 yamwagwe.

Macho yakizama, mgonjwa akilegea, akiacha kupata mkojo, au ngozi ya tumbo ikivutwa ikachelewa kurudi, nenda kituo kilicho karibu zaidi saa hiyo hiyo huku ukiendelea kumnywesha njiani. Hatua zinazofuata zinaweza kufanywa na ndugu aliyebaki nyumbani kwa simu.

## Kipi ni bure na kipi si bure

Katika vituo vya serikali, utaratibu wa msamaha wa gharama unahusu magonjwa ya mlipuko, na vilevile kifua kikuu, ukoma na VVU. Unawahusu pia wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Maana yake ni kwamba mtu anayehisiwa kuwa na ugonjwa wa mlipuko hapimwi wala kutibiwa ugonjwa huo kwa fedha yake.

Kipimo cha cheti cha kusafiria hakimo humo. Wakati wa Uviko-19 wasafiri walilipia kipimo chao hata pale ambapo mgonjwa mwenye dalili hakulipa, na watu wengi walichanganya madirisha haya mawili. Hospitali na maabara binafsi nazo zina bei zake. Tena, ukienda na ugonjwa wa mlipuko ukatibiwa pamoja na jino linalokusumbua, gharama za jino zinabaki kuwa zako.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye chaji, na namba ya pili ya mtu anayepatikana wakati wote.
- Kitambulisho chochote ulicho nacho, pamoja na kadi ya bima kama unayo. Ukikosa kitambulisho, nenda hivyo hivyo.
- Karatasi na kalamu.
- Dawa zote ulizokwisha kumeza, au maganda yake.
- Barakoa, au kitambaa safi cha kufunika pua na mdomo.
- Kwa anayeharisha: ORS iliyokwisha changanywa, ndoo yenye mfuniko, na kanga ya akiba.
- Nauli ya kurudi. Kipimo ni cha bure, lakini bodaboda na mtumbwi si vya bure.

## Hatua ya 1: Andika tarehe mbili

Andika siku na saa dalili ya kwanza ilipoanza. Kisha rudi nyuma siku 21 na uandike ulikolala, uliyemuuguza, msiba uliohudhuria, na kambi au mwalo (mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga) uliofanyia kazi.

Siku 21 zimechaguliwa kwa sababu Marburg na mpox huweza kukaa mwilini muda huo kabla ya kuonekana. Kipindupindu huonekana ndani ya saa chache hadi siku 5, na Uviko-19 kwa kawaida ndani ya siku 14, kwa hiyo ukiandika siku 21 umeyafikia yote. Fanya kazi hii nyumbani ukiwa umetulia, maana mbele ya muuguzi mwenye foleni ndefu kumbukumbu hupotea.

Umefanikiwa ikiwa mtu mwingine anaweza kuisoma karatasi hiyo na kueleza habari yako hata kama wewe huwezi kusema.

## Hatua ya 2: Piga 199 kabla ya kutoka

Namba 199 ni ya Wizara ya Afya na haikatwi salio. Eleza dalili, tarehe zako, kata na mtaa au kijiji ulipo, kisha uliza maswali mawili: ni kituo gani kilicho karibu nami kinachochukua sampuli za ugonjwa huu kwa sasa, na je, niende mwenyewe au nisubiri kufuatwa?

Simu hii ina umuhimu mkubwa kwa sababu wakati wa mlipuko vituo vya kupimia hubadilika. Kituo kilichopima wiki iliyopita huweza kuishiwa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na kambi ya matibabu huweza kufunguliwa katika eneo ambalo halikuwa na huduma hiyo.

Laini isipopatikana, usikae ukiisubiri siku nzima. Mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako, au afisa afya wa kata. Namba zao hupatikana kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji, na ningemshauri kila mwenye familia azichukue leo, kabla hajazihitaji. Namba 115 ni ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, kwa hiyo waachie wao.

Onyo moja lizingatiwe bila mjadala. Mwenye homa kali na anayetoka damu, au aliyemuuguza mtu wa namna hiyo, asipande daladala, bajaji wala mtumbwi. Abaki mahali alipo, watu wasimguse, na timu ya afya ya wilaya imfuate. Akifariki kabla timu haijafika, ndugu wasiuoshe mwili wala kuukumbatia. Najua jambo hili linavyouma kwa watu tuliolelewa kumwosha maiti wetu kwa mikono yetu, lakini Marburg huenea kupitia majimaji ya mwili, na mwili wa marehemu huwa na virusi vingi sana.

Umefanikiwa ikiwa una jina la kituo, na ikiwezekana mtu wa kituo hicho anajua kwamba unakuja.

## Hatua ya 3: Ingia kwa mlango wako

### Ukiwa mjini

Kwa mkazi wa Nyamagana au Ilemela, mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya cha kata yake, isipokuwa 199 imeelekeza vingine. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya Ziwa, na Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Zote mbili hupokea wagonjwa waliozidiwa kutoka mbali. Ukienda huko na kikohozi cha siku mbili, utakaa kwenye foleni pamoja na watu dhaifu ambao unaweza kuwaambukiza, na huenda ukaelekezwa urudi kwenye kituo chako.

Zahanati ndogo yaweza kukosa kipimo chenyewe. Hata hivyo ina njia ya kutoa taarifa wilayani, na taarifa hiyo ndiyo inayoleta mchukua sampuli au rufaa inayopokelewa bila maswali mengi.

### Ukiwa kisiwani au kambini

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Mvuvi akiugua Ukara, Kome au Maisome, wenzake huchanga mafuta, humpakia kwenye mtumbwi pamoja na watu wengine kumi, na kumkimbiza Mwanza mjini. Anafika amechoka, amewaambukiza aliosafiri nao, na mjini hakuna anayejua kambi yake ikoje wala nani mwingine anaumwa huko.

Anza na zahanati ya kisiwani, hata kama inaonekana haina kitu. Mhudumu akitoa taarifa wilayani, mara nyingi sampuli inaweza kusafirishwa huku mgonjwa akibaki anatibiwa. Wa Ukerewe wana hospitali ya wilaya Nansio, na wa Kome na Maisome wako chini ya Halmashauri ya Buchosa, kwa hiyo rufaa zao hupitia huko na si lazima zianzie jijini.

Kambi isiyo na zahanati ipitie kwa uongozi wa mwalo, yaani BMU. Viongozi hawa huwajua wavuvi na wenye mitumbwi, huweza kutenga chombo kimoja kwa ajili ya mgonjwa, na sauti yao wilayani husikika haraka kuliko ya mvuvi mmoja. Mwambie kiongozi idadi ya wanaoumwa kambini kwa ukweli. Kuficha kwa kuhofia kwamba mwalo utafungwa kumegharimu maisha, na mwalo wenye wagonjwa wanne leo unaweza kuwa na arobaini wiki ijayo kama wote wanachota maji mahali wanapojisaidia.

Ikibidi kusafiri, mgonjwa aende na msindikizaji mmoja na nahodha, akae upande ambao upepo unatoka kwa wenzake kwenda kwake, na matapishi au kinyesi viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Visimwagwe ziwani kwa hali yoyote, kwa maana maji hayo hayo yanachotwa na kijiji kinachofuata.

## Hatua ya 4: Sema maneno yanayofungua njia

Fika ukiwa umefunika pua na mdomo, na usiingie kwenye benchi la wagonjwa wote. Simama nje kidogo, msalimu mhudumu, na useme jambo lako kabla ya kufungua faili.

Mtumishi wa afya huamua kwa kutumia fasili ya mhisiwa, yaani orodha ya dalili na mazingira ambayo mtu akiwa nayo anastahili kuchukuliwa sampuli. Neno "homa" peke yake halifikii fasili hiyo. Sema kwa mfano hivi:

"Habari za kazi. Nimetoka kambini Kome juzi, na huko watu wawili walikuwa wanaharisha maji. Mimi nimeanza jana saa nne usiku, nimekwenda chooni mara nane. Nimepiga 199 nikaelekezwa hapa. Naomba nichunguzwe kama mhisiwa wa kipindupindu."

Katika maneno hayo mna mahali, mtu uliyetangamana naye, saa, kiasi na ombi. Muuguzi hahitaji kukuuliza zaidi ili ajue akupeleke wapi.

Usiongeze uongo ili upimwe. Ukisema ulimgusa mgonjwa wa Marburg na hukumgusa, utatengwa, familia yako itafuatiliwa kwa siku 21, na vifaa vilivyokuwa vya mtu mwingine vitatumika kwako.

Ukiambiwa upimwe malaria kwanza, kubali. Huku kwetu malaria ni nyingi, na kipimo hicho ni cha haraka. Lakini kumbuka kwamba mtu anaweza kuwa na malaria na ugonjwa wa mlipuko kwa pamoja, kwa hiyo majibu yakitoka, rudia kwa upole habari ya safari yako na ya watu uliotangamana nao.

Umefanikiwa ikiwa umetengwa na foleni ya kawaida na mtu ameanza kujaza fomu yenye jina lako, makazi yako na tarehe ya dalili. Wengine hushtuka wakitengwa. Usishtuke, hiyo ndiyo dalili kwamba umesikilizwa.

## Hatua ya 5: Toa sampuli sahihi kwa wakati wake

Kila ugonjwa una sampuli yake, na kipimo kizuri kikichukuliwa siku isiyofaa huweza kusema huna ugonjwa ilhali unao.

Kipindupindu. Hutolewa kinyesi, na ni vizuri kitolewe kabla ya kumeza dawa za kuua bakteria. Ndiyo maana nimesisitiza ubebe maganda ya dawa. Kipimo cha haraka hutoa dalili tu, na uthibitisho hufanywa maabara kwa kuotesha vijidudu. Matibabu hayasubiri uthibitisho huo.

Uviko-19. Kijiti chenye pamba huingizwa puani. Kinawasha na machozi hutoka, ila hakiumizi. Kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya nusu saa hivi na hufanya kazi vizuri zaidi katika wiki ya kwanza ya dalili. Ukiwa na dalili na kipimo cha haraka kikasema huna, uliza kama kuna haja ya kurudia au kupimwa kwa PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi.

Mpox. Sampuli bora hutoka kwenye kipele chenyewe, ama majimaji ama gamba lake. Usivipake vipele dawa za kienyeji wala kuvitumbua kabla ya kwenda.

Marburg. Hutolewa damu, na mchukuaji huvaa mavazi ya kujikinga kuanzia kichwani hadi miguuni. Katika siku 3 za kwanza za dalili virusi huweza kuwa vichache mno kuonekana, kwa hiyo majibu ya "hakuna" katika siku hizo hayatoshi na kipimo hurudiwa. Usimtoroshe ndugu yako wodini kwa sababu ya jibu la siku ya pili.

Kabla hujaondoka, uliza na uandike mambo manne: jina la kipimo, namba ya sampuli, maabara inakopelekwa, na nani atakayekupa majibu pamoja na siku anayotarajia kuyatoa. Hakikisha namba zako mbili za simu zimeandikwa sawasawa kwenye fomu, na uombe usomewe tarakimu moja moja.

## Hatua ya 6: Ukiombwa fedha

Tulia, usigombane na aliyeko dirishani. Uliza, "Fedha hii ni ya huduma gani?" Huenda ni ya kitu kingine kabisa ambacho hakimo kwenye msamaha.

Ikiwa ni ya kipimo cha mlipuko, omba kumwona mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Mara nyingi namba yake imebandikwa ukutani karibu na mapokezi. Ikiwa huna uwezo wa kulipia huduma nyingine iliyobaki, omba afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni pamoja na kushughulikia misamaha ya wasio na uwezo.

Malipo halali ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Anayetaka noti mkononi bila risiti anaomba rushwa, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu ya bure namba 113. Andika siku, saa na dirisha ulilohudumiwa. Lakini kama hali ya mgonjwa ni mbaya, mgonjwa ahudumiwe kwanza, taarifa itafuata.

## Hatua ya 7: Subiri bila kuambukiza

Ushauri wa "jitenge kwenye chumba chako" haumsaidii anayeishi na watoto wanne kwenye chumba kimoja cha kupanga Mabatini au Igogo. Fanya linalowezekana. Dirisha na mlango vikae wazi, mgonjwa ashinde nje kivulini mbali na wengine, usiku alale karibu na dirisha huku kichwa chake kikiwa upande wa miguu ya wenzake, awe na kikombe na sahani yake, na ahudumiwe na mtu mmoja tu mwenye afya njema. Aliyezeeka au mwenye ugonjwa sugu asiwe ndiye mhudumu.

Choo cha pamoja kwa wapangaji wengi ni hatari kubwa wakati wa kipindupindu. Mwambie mwenye nyumba na wapangaji mapema, wekeni ndoo ya maji tiririka na sabuni mlangoni mwa choo. Aibu ya siku moja ni nafuu kuliko msiba.

Maji ya ziwa, ya kisima na ya mkokoteni yachemshwe hadi yatokote vizuri, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu maofisa afya mara nyingi hugawa vidonge hivyo bure, na ORS iulize zahanati. Mhudumu wa jamii akija na chanjo au vidonge, mpokee na umwonyeshe jirani aliyekuwa safarini, asirukwe.

## Hatua ya 8: Fuatilia majibu mpaka uyapate

Siku uliyoahidiwa ikipita, piga simu au umtume mtu na namba ya sampuli. Usikae ukidhani kwamba ukimya maana yake huna ugonjwa. Kwa wavuvi wa dagaa tatizo hili ni kubwa, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza, hivyo kipindi cha mbalamwezi wengi huondoka kambini, na giza linaporudi wanaweza kuwa wamehamia kambi nyingine isiyo na mtandao. Ndiyo maana namba ya pili iwe ya mtu wa nchi kavu ambaye hahami.

Ukikutwa na ugonjwa, utaombwa majina ya watu uliotangamana nao. Wataje wote. Watafuatiliwa na kupewa huduma bila malipo kama wewe, na usipowataja wataugua bila kujua.

Ukikutwa huna ugonjwa lakini dalili zinaendelea, rudi kituoni ukiwa na karatasi yako. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinastahili kipimo cha makohozi cha kifua kikuu, ambacho nacho ni cha bure, hata kama mlipuko umetangazwa kwisha.

Omba majibu au ruhusa ya kutoka kwa maandishi, yenye muhuri wa kituo, na upige picha karatasi hiyo kabla haijalowa. Mvuvi aionyeshe kwa uongozi wa mwalo kabla ya kupanda mtumbwi kurudi kambini.